Floraidi iliyoharibu meno yangu ndiyo inayolinda ya wanafunzi wangu

Mtu akiniona nacheka kwa mara ya kwanza, swali huwa lile lile: "Mwalimu, wewe wa Arusha?" Meno yangu ya mbele ni ya kahawia, na mawili ya juu yana vishimo ambamo enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ilibanduka nikiwa bado mtoto. Nilizaliwa Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, na yeyote aliyewahi kukaa Arumeru anayajua meno haya. Si uchafu na si tumbaku. Ni maji tuliyokunywa.

Miamba na majivu ya volkano ya Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, na maji yetu yana kalisi kidogo mno ya kuishika, kwa hiyo inayeyuka na kubaki humo humo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania, ikijua kwamba sehemu kama kwetu zisingefika hapo, iliweka miaka ya 1970 kiwango cha muda cha miligramu 8, kikashushwa baadaye hadi 4, na sasa ni 1.5. Kiwango kwenye karatasi kimeshuka upesi kuliko kilichomo bombani. Vipo vyanzo kuzunguka mlima vinavyopita hata ile 8 ya zamani, na maziwa ya Momela, yale ambayo watalii huyapiga picha kwa sababu ya heroe, yana floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita.

Tena yalikuwepo magadi. Mama alipopika makande, mahindi makavu na maharage yangekula kuni za kutwa nzima, basi alitia kipande cha magadi viive haraka. Magadi yale nayo yana floraidi yake. Mtoto wa kwetu aliipata kwenye kikombe akaipata tena kwenye sahani, kuanzia uji wa kwanza.

Tulipokuwa wadogo hatukuona tatizo, maana tulikuwa sawa wote. Nililijua nilipokwenda shule ya bweni mkoa mwingine. Huko nilijifunza kucheka nimeweka kiganja mdomoni, na picha zangu zote za ujana nimefumba midomo. Wenzangu wengine waliyasugua meno kwa mchanga laini, kwa jivu, kwa ndimu. Haitoki. Floraidi ikizidi mwilini wakati jino linaumbwa ndani ya ufizi, enameli inajengeka vibaya, na vitundu vidogo mno ndani yake. Jino linatoka na mabaka meupe ya chaki, na miaka inavyokwenda mabaka yanafyonza rangi mpaka yanakuwa kahawia. Likiathirika sana linabanduka vipande. Ndimu inaongeza madhara tu, kwa kuwa asidi yake inayeyusha hata enameli iliyobaki. Na kwa walioathirika zaidi yetu, floraidi haikuishia kwenye meno, iliingia mifupani. Watoto wenye miguu iliyopinda niliosoma nao sitawasahau.

Kuna jambo moja ambalo laiti wazazi wetu wangeambiwa mapema. Enameli ya meno ya ukubwani huumbwa tangu mtoto anazaliwa hadi anapofika miaka minane hivi, ukiacha magego ya mwisho. Kwa meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kuliko yote. Baada ya hapo dirisha limefungwa. Ndiyo maana askari au muuguzi anayehamia Arusha akiwa mtu mzima anaweza kunywa maji yale miaka mingi na meno yake yakabaki meupe, huku watoto anaowazaa pale wakitoka na yetu.

Jingine ni la kuchemsha. Mama alichemsha maji kwa bidii sana, na kwa kipindupindu na kuhara alikuwa sahihi kabisa. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, ile iliyomo inabaki yote, kwa hiyo inakolea zaidi. Klorini nayo haiiondoi, wala ile michujo ya kawaida ya mishumaa ya udongo.

Kinachoiondoa nilikiona nikiwa mwalimu kijana, nilipowapeleka wanafunzi wangu Ngurdoto, kwenye kituo cha Wizara ya Maji kinachotafiti namna ya kupunguza floraidi. Pale wanatumia mifupa ya ng'ombe. Inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo hadi inakuwa mkaa mweusi, inasagwa chembechembe, kisha inajazwa ndani ya ndoo ya kuchujia. Maji yanaingia juu, yanapita taratibu kwenye ule mkaa, yanatokea chini kwenye koki yakiwa na floraidi kidogo. Wenzetu wa Nakuru, Kenya, ambao nao wako kwenye Bonde la Ufa na wana shida kama yetu, wanatumia mkaa wa mifupa vilevile. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini mifupa na si mkaa wa mkaratusi. Fundi akamjibu kwamba mfupa umejengwa kwa kalisi na fosfeti, na floraidi ikipita karibu na madini hayo inanasa.

Niliandika jibu lile ubaoni siku iliyofuata kama somo la sayansi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba jino nalo limejengwa kwa madini hayo hayo, na kwamba fundi wa maji alikuwa amenieleza habari ya dawa ya meno.

Baadaye nilihamishiwa Dar es Salaam, shule ya msingi upande wa Mbagala. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka Mto Ruvu, maji ya mtoni yenye floraidi kidogo, na meno ya mbele ya watoto wale yaling'aa. Mwanzoni niliwaonea wivu, nasema kweli. Halafu nikawafundisha nyimbo, wakafungua vinywa vizuri, nikaona nyuma. Magego yametoboka, mengine yamebaki visiki vyeusi. Wapo waliokuja darasani na shavu limevimba. Wapo waliolala juu ya dawati kwa sababu usiku jino halikuwapa usingizi. Ukimuuliza mtoto, amewekewa karafuu, amesukutua maji ya chumvi, amepewa kidonge cha maumivu, anasubiri baba apate hela ili likang'olewe.

Wazazi wengi waliniambia: "Mwalimu, hayo ni ya utoto, yatatoka tu." Ni kweli yatatoka, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi, wengine kumi na miwili. Yakioza mtoto wa miaka mitano ana miaka mingine mitano ya kutafunia upande mmoja, na usaha unaokaa kwenye mizizi yake unaweza kuliharibu jino linaloumbwa chini. Halafu kuna gego moja ambalo nimewaonyesha wazazi kwenye vikao vya shule mpaka wamelizoea. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya magego ya utoto linaota gego jipya, kila upande, juu na chini. Halisukumi jino lolote litoke, kwa hiyo hakuna anayeliona likija. Mzazi analihesabu kama la utoto, kumbe hilo ndilo atakalokaa nalo mpaka uzeeni. Karibu kila mtoto niliyemwona na gego la kudumu lililooza, lilikuwa hilo.

Sababu ziko wazi ukisimama getini saa nne. Ubuyu wa rangi, pipi, barafu za sukari, juisi za unga, vyote kwa shilingi mia au mia mbili. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya kama vijiko saba au vinane vya chai. Mtoto wa mjini hali sukari mara moja akamaliza; analamba kidogo, anaweka mfukoni, analamba tena. Kila anapolamba, bakteria walioko kwenye utando wa meno wanaigeuza sukari kuwa asidi, na jino linakaa ndani ya asidi hiyo nusu saa nzima kabla mate hayajaisafisha. Anayekula pipi zake tano kwa mpigo baada ya chakula ana nafuu kuliko anayezimung'unya kutwa.

Haya yote niliyaelewa vizuri zaidi kwa sababu ya mdogo wangu wa kike, ambaye naye anaishi Dar.

Ana meno kama yangu, na yamemuumiza kuliko mimi, kwa sababu msichana mwenye meno ya kahawia anaambiwa mengi. Alipopata binti alijiapiza kwamba mtoto huyu hatapitia aliyoyapitia yeye. Akatafuta dawa ya meno iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina floraidi, ikiwa ghali kuliko za kawaida, akainunua kila mwezi bila kukosa. Kwenye kundi la familia kulikuwa na sauti iliyosambazwa, mtu anasema floraidi ni sumu. Kwa watu wengine huo ni uvumi wa mtandaoni. Kwetu sisi ulikuwa na ushahidi ndani ya vinywa vyetu, na nani angemlaumu?

Mtoto alipofika miaka minne, meno manne ya juu ya mbele yalianza kubadilika rangi karibu na ufizi. Mdogo wangu alinipigia usiku analia: "Kaka, imemfuata." Alidhani ni maji ya Meru yamemfikia mwanawe Dar es Salaam. Nilikwenda kumwona mtoto. Haikuwa kahawia yetu. Yetu imetapakaa kwenye jino zima na ni ngumu. Hii ilikuwa mstari laini uliochimbika, na nyuma magego mawili yalikuwa na matundu.

Nikawasindikiza kwa daktari wa meno, mama wa makamo, mpole. Hakuanza na mtoto. Alimtazama mdogo wangu akiongea, akasema, "Mama, wewe umekulia Arusha." Kisha akamweleza neno ambalo mimi nimelichukua na kulifundisha tangu siku hiyo: "Floraidi ya kwenu ilipita tumboni ikaenda kulikuta jino bado linaumbwa. Hii ya dawa ya meno inafanya kazi juu ya jino lililokwisha kutoka. Usizichanganye, utamnyima mtoto dawa kwa kosa la maji."

Akaendelea kueleza taratibu, huku mtoto amekaa juu ya mapaja yangu. Asidi inapozidi mdomoni, pH, kile kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, ikienda chini ya 5.5 hivi, enameli inaanza kupoteza kalisi na fosfeti. Asidi ikipoa, mate yanarudisha madini yaliyopotea. Hiyo inatokea kila siku kwa kila mtu mwenye meno, kutoka na kurudi. Jino linaoza pale kutoka kunapozidi kurudi kwa miezi mingi. Floraidi ikiwepo kwenye mate, hata kidogo sana, inayavuta madini yarudi upesi, nayo yenyewe inaingia kwenye enameli mpya. Enameli iliyoingiwa na floraidi ni ngumu zaidi kwa asidi. Inahimili mpaka pH ikaribie 4.5. Ni kunasa kule kule kwa Ngurdoto, ila safari hii kunasa kunamfaidi mtoto.

Alinionyesha pia kitu ambacho sasa nakitafuta kwenye kinywa cha kila mtoto wa darasa langu. Kabla ya tundu kuna doa jeupe, lisilong'aa, mara nyingi mstari mwembamba ukifuata ufizi. Hapo enameli imepungukiwa madini lakini haijabomoka. Likikutwa hatua hiyo, kwa floraidi na kupunguza sukari, linaweza kusimama na hata kurudi. Likishakuwa tundu, floraidi hailijazi. Ni kuziba au kung'oa.

Gego moja la mpwa wangu liling'olewa, jingine likazibwa. Meno yaliyobaki yalipakwa vanishi ya floraidi kwa brashi ndogo. Inagusa mate inaganda juu ya jino, na mtoto alimaliza akiuliza kama anaweza kula ugali. Mdogo wangu alisoma boksi la vanishi akashtuka: sehemu 22,600 za floraidi kwa milioni. Daktari alimwonyesha tone lenyewe lilivyo dogo na kwamba linabaki limeng'ang'ania jino badala ya kumezwa kwa pamoja. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa mtoto mwenye meno yanayooza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ile orodha yenye dawa za malaria na za shinikizo la damu. Hilo lilimtuliza mdogo wangu kuliko maelezo yangu yote ya kimwalimu.

Baada ya siku ile nilianza kusoma, na nikakuta kwamba watu wa mbali sana waliwahi kuwa na meno yetu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia ambayo hakuna aliyejua chanzo chake. Wengine walisema ni nguruwe wanayokula, wengine maziwa mabaya. Kwetu bibi alisema ni baridi ya mlimani. McKay aligundua mambo mawili. Walioathirika walikuwa waliozaliwa pale au walioletwa wakiwa wadogo. Na meno yale ya madoa, kwa mshangao wake, yalioza kidogo kuliko ya kawaida. Alihisi ni maji, lakini vipimo vya wakati huo havikuona kitu. Ilipofika 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini alipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ambako watoto walikuwa na madoa yale yale, akakuta floraidi nyingi. Baada yake daktari wa meno H. Trendley Dean alizunguka mji kwa mji akilinganisha maji na meno, akaona kwamba penye miligramu 1 hivi kwa lita madoa ni nadra na kuoza kumepungua sana. Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwa makusudi kwenye maji yake, na kwa watoto waliozaliwa baada ya hapo kuoza kwa meno kulishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Mwaka 2015 Wamarekani walishusha pendekezo lao hadi miligramu 0.7, kwa sababu watu walikuwa wakipata floraidi nyingine kwenye dawa ya meno.

Nilisoma habari hiyo usiku, na nilikaa nayo muda mrefu. Ugunduzi wote ulianzia kwa watu waliokuwa wakificha midomo.

Sisi Tanzania hatuna haja ya kuongeza floraidi kwenye maji, na kwa nchi yenye Meru na Dar es Salaam ndani yake nadhani dawa ya meno ndiyo njia ya busara: kila mtu anaipata kwa kipimo, juu ya jino, popote alipo. Majaribio mengi ya watoto na vijana yakijumlishwa yanaonyesha kwamba dawa ya meno yenye floraidi inapunguza kuoza kwa takriban robo ikilinganishwa na isiyo nayo. Robo ya maumivu yale niliyoyaona darasani si kitu kidogo.

Hofu ya kipimo nimeimaliza kwa hesabu, na napenda kuifanya ubaoni na darasa la saba. Dawa ya meno ya kawaida ina floraidi sehemu 1,450 kwa milioni. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita anawekewa kiasi cha punje ya njegere, kama robo gramu. Humo kuna floraidi miligramu 0.36 hivi. Hata akiimeza yote. Sasa mtoto wa Meru anayekunywa lita moja ya maji yenye miligramu 8, ameingiza zaidi ya mara ishirini ya hiyo, kwa siku moja, na kesho tena. Aliye chini ya miaka mitatu anawekewa chembe ya ukubwa wa punje ya mchele tu, tangu jino la kwanza linapotoka.

Hesabu hiyo ina upande wa pili, nao nausema kwa sauti. Matangazo yanaonyesha mswaki uliojazwa dawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni gramu nzima au zaidi, karibu miligramu moja na nusu za floraidi. Mtoto mdogo akijaziwa hivyo asubuhi na jioni na akaimeza, kwa kuwa ina ladha ya matunda, ameanza kusogea kwenye njia yetu. Kwa hiyo tyubu inawekwa juu, mtu mzima ndiye anayeminya, na mtoto anasimamiwa mpaka afike miaka saba au minane, mikono yake iwe na ustadi wa kufikia nyuma na awe amezoea kutema.

Kubadilisha mazoea kulikuwa kugumu kuliko kueleza sayansi. Watu wetu hupiga mswaki asubuhi kabla ya chai, mara moja, na kwa heshima kubwa. Usiku mtu analala na ugali na soda. Mate hupungua sana mtu anapolala, kwa hiyo asidi ya usiku haina wa kuisafisha. Nikilazimika kuchagua, nitasema usiku kwanza. Anayeweza mara mbili, apige zote mbili.

Na kusukutua! Kwetu usafi wa kinywa ni maji mengi, kuyazungusha mdomoni, kutema, kurudia, mpaka utelezi wote umekwisha. Kumbe unaitema ile floraidi uliyoinunua kabla haijashika. Tema povu, basi, usisukutue. Nilipowaambia wazazi hivyo kwenye kikao, mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mdomo utakuwa na dawa usiku kucha?" Nikamjibu ndiyo mama, ndivyo tunavyotaka. Shuleni tunafanya zoezi hilo baada ya uji, mistari miwili karibu na mtaro, kila mtoto na mswaki wake uliofungwa uzi wa rangi yake. Kutosukutua kumetufaa kwa njia nyingine pia, maana bomba la shule halitoi maji kila siku.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mkaa na chumvi, au mti wa mswaki. Mti wa mswaki unasafisha vizuri na siwezi kuudharau, babu yangu aliutumia mpaka kufa kwake. Ila haubebi floraidi ya kipimo. Anayeutumia na aendelee, kisha apakie dawa kidogo juu yake. Mkaa wa kusaga unakwaruza. Kwenye tyubu, geuza usome maandishi madogo: ukiona sodiamu floraidi au monofluorofosfeti na nambari kati ya 1,000 na 1,500, umepata. Dawa hiyo mara nyingi ni ile ya bei ya chini dukani kwa Mangi, wala si ya boksi la kupendeza.

Desemba iliyopita nilipanda Meru kwa likizo, nikakuta mjadala huo huo ukinisubiri. Baba mdogo, ambaye nyumbani kwake kuna wajukuu watatu, wote chini ya miaka saba, alikuwa amepiga marufuku dawa ya meno yenye floraidi. "Mwanangu, tumeungua vya kutosha," aliniambia baada ya kuniitikia shikamoo. "Hata hiyo kidogo siitaki." Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu miguu yake mwenyewe inamuuma na anajua anachokisema.

Kisha nikamwomba anionyeshe watoto wanakunywa nini. Maji ya bomba la kijiji, yamechemshwa. Uji wa maji hayo hayo. Chai kali ya maziwa tangu mwaka wa kwanza, na jani la chai lina floraidi yake pia. Makande yenye magadi mara kadhaa kwa wiki. Mjukuu mkubwa alikuwa na gego limetoboka, kwa kuwa soda na biskuti zimeshafika Ngarenanyuki. Baba mdogo alikuwa amefunga mlango mdogo na kuacha mkubwa wazi.

Tulikubaliana hivi, baada ya majadiliano ya jioni nzima na mama mdogo akiwa ndiye mwenye neno la mwisho. Maji ya mvua, ambayo hayana floraidi ya kutaja, yatakingwa kwenye tangi la bati la jikoni na ni ya watoto walio chini ya miaka minane peke yao: ya kunywa, ya uji na ya kupikia chakula chao. Wakubwa waendelee na bomba, kwa kuwa meno yetu hayana tena cha kupoteza, ingawa kwa mifupa ningependa nao wapate ya kuchujwa. Maharage ya watoto yalowekwe usiku, yapikwe bila magadi. Chai waiache. Dawa ya meno irudi, ile ya kawaida, chembe ya mchele kwa mdogo na njegere kwa wakubwa wawili, kila usiku, bibi yao akiwa ndiye mwenye tyubu.

Tangi lile linajaa masika, na likitumiwa na watoto tu linawafikisha Septemba. Kati ya hapo na mvua za vuli, mama mdogo atanunua maji ya ndoo yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, na nusu ya gharama hiyo ninatuma mimi.